Gharama ya Unadhifu: Dredi za Asili kwa Wenye Nywele Nyembamba

Katika saluni nyingi za miji ya Afrika Mashariki umejengeka usemi kwamba mwenye nywele nyembamba hafai kufuga dredi, na kwamba akishikilia kuzifuga hana budi kutengenezewa kwa nta, kwa sindano ya kroshia na kwa nywele za kuongezea, kwa kuwa nywele zake zikiachwa zenyewe hazitashikana, na hata zikishikana zitatokeza nyuzi dhaifu zisizopendeza. Usemi huo umeanzia kwenye jambo la kweli, yaani udhaifu wa unywele mwembamba, ukaishia kwenye ushauri unaouzidisha udhaifu huohuo, kwa sababu kila kimoja cha vitu vinavyopendekezwa huongeza uzito au mvuto juu ya mzizi ambao tangu awali hauna nguvu nyingi. Hoja inayotetewa hapa ni kwamba nywele nyembamba ndizo zinazostahili zaidi njia ya asili, na kwamba kinachowanyima wengi mafanikio ni kipimo cha unadhifu kilichowekwa na jamii, kinachomtaka mtu aonekane ametengenezwa tangu wiki ya kwanza, ilhali gharama ya kuonekana hivyo hulipwa na ngozi ya kichwa kwa miaka inayofuata.

Dredi ni fungu la nywele zilizosokotana na kushikamana kiasi kwamba haziwezi tena kutenganishwa kwa kitana bila kukatika. Njia ya asili ya kuzipata ni ile ya kuosha nywele, kuacha kabisa kuzichana, na kuziacha zijikusanye zenyewe katika mafungu, huku mkono wa mwenyewe ukiingilia mara chache tu kuyatenganisha mafungu yanayotaka kuungana mahali pasipofaa. Njia nyingine, ambazo kwa jumla zinaweza kuitwa njia za saluni, huanza kwa kugawa kichwa katika miraba iliyopimwa, kisha kila fungu husokotwa kwa vidole au kwa kitana, husukwa, au hufumwa kwa sindano ndogo yenye ndoano, ile ya kroshia, inayozivuta nywele za nje na kuziingiza ndani. Ni muhimu pia kutofautisha sifa mbili ambazo mazungumzo ya kila siku huzichanganya: wembamba, ambao ni kipimo cha unywele mmoja mmoja, na uhaba, ambao ni uchache wa nywele katika eneo fulani la ngozi. Mtu anaweza kuwa na nywele nyembamba zilizosongamana, mwingine akawa na nywele nene lakini haba, na yupo mwenye sifa zote mbili, ambaye ndiye anayehitaji uangalifu kuliko wote.

Unywele umeundwa kwa keratini, protini ngumu inayopatikana pia katika kucha, na kwa nje umefunikwa na magamba madogo sana yaliyolaliana, ncha zake zikielekea mwisho wa unywele. Upana wa unywele wa kichwani hutofautiana baina ya watu, mara nyingi ukiwa kati ya takriban milimita 0.05 na milimita 0.1, na tofauti hiyo inayoonekana ndogo ina matokeo makubwa, kwa kuwa nguvu ya uzi wowote hutegemea eneo la mkato wake, nalo eneo hilo hupungua kwa kasi zaidi kuliko upana. Unywele wenye nusu ya upana wa mwingine una robo tu ya eneo la mkato, hivyo hubeba takriban robo ya mzigo. Hii ina maana kwamba fungu la nywele 1,000 nyembamba linaweza kuwa na uimara wa fungu la nywele 250 nene, na msusi anayegawa vichwa vyote kwa kipimo kimoja, akitazama ukubwa wa mraba bila kuupima unene wa nywele zilizomo, humpa mteja mmoja dredi imara na mwingine dredi itakayokatika.

Hata hivyo, wembamba huohuo una manufaa ambayo hayatajwi. Dredi hutokea kwa namna ileile sufu ya kondoo inavyoshikamana na kuwa kitambaa kizito bila kufumwa: nyuzi zikilowa na kusuguana, magamba yake hunyanyuka na kunasana, na kwa kuwa magamba hayo yameelekea upande mmoja, kila uzi husogea kirahisi kuelekea upande wa shina lake na kukataa kurudi ulikotoka, hivyo msokotano huzidi kukaza kila unaposuguliwa. Mafundi wa sufu wanafahamu kwamba sufu laini ya kondoo wa merino hushikamana upesi kuliko sufu nene ya kutengenezea mazulia, kwa sababu uzi mwembamba hupinda bila kusita na kupenya katikati ya wenzake. Nywele za binadamu zinatii kanuni hiyo kwa kadiri umbo lake linavyoruhusu, na ndiyo sababu mwenye nywele nyembamba zilizojikunja huamka asubuhi akiwa na mafundo nyuma ya kichwa, mahali panaposuguana na mto, hata kama hakukusudia kamwe kufuga dredi. Nywele nyembamba, basi, zina uwezo wa kushikana. Zinachokosa ni uwezo wa kuhimili mvuto, na mambo hayo mawili yanapotenganishwa, ushauri wote wa saluni hubadilika.

Umbo ndilo linaloamua kasi. Nywele za kipilipili huota kutoka kwenye folikili iliyopinda, folikili ikiwa ni kijifuko kilichomo ndani ya ngozi kinachozalisha unywele, na mkato wa unywele wenyewe huwa bapa badala ya kuwa mviringo, kwa hiyo unywele hujikunja tangu unapochomoza na kunasana na jirani zake bila kusaidiwa. Nywele za singa hutoka kwenye folikili iliyonyooka, huteleza, na mafuta yanayotolewa na tezi za ngozi hushuka upesi hadi nchani na kuzilainisha zaidi. Kati ya aina hizo mbili zipo daraja nyingi, na Afrika Mashariki ina watu wa kila daraja: wapo Wasomali, Waborana na Warendille wengi wenye mawimbi laini, wapo wakazi wa Lamu, Mombasa, Unguja na Pemba ambao asili zao zimechanganyika kwa karne nyingi za biashara ya Bahari ya Hindi, na wapo ndugu wa tumbo moja ambao mmoja ana kipilipili kilichokaza na mwenzake nywele zinazolala. Kwa mwenye kipilipili nyembamba, mafungu yanaweza kuonekana ndani ya miezi michache na kukomaa kati ya mwaka mmoja na miwili. Mwenye singa nyembamba anaweza kungoja karibu mwaka mzima kabla ya kuona fungu la kwanza lililoshika vizuri, na miaka miwili au zaidi kabla ya kichwa chote kutulia.

Muda huo hauwezi kufupishwa kwa dawa, kwa kuwa unafungamana na mwendo wa mwili. Vipimo vya watafiti wa nywele vimeonyesha kwamba nywele za watu wenye asili ya Kiafrika hukua kwa wastani wa takriban robo ya milimita kwa siku, yaani kama sentimita 9 kwa mwaka, na zile za watu wenye asili ya Ulaya hukua karibu milimita 0.4 kwa siku, yaani kama sentimita 14 kwa mwaka. Katika kichwa cha kawaida kuna nywele zipatazo 100,000, pungufu kidogo kwa wenye kipilipili, na kila moja hukua kwa miaka kadhaa, hupumzika kwa miezi mitatu hivi, kisha hung'oka ili nyingine iote mahali pake. Kwa mzunguko huo, nywele kati ya 50 na 100 huanguka kila siku, na mtu anayechana nywele zake huzikuta kwenye kitana na kuzitupa bila kuzifikiria.

Hapo ndipo lilipo jambo kuu ambalo mwenye nywele nyembamba hana budi kulielewa. Nywele zinazong'oka kwa mwenye dredi hazianguki zote, kwa sababu zimenaswa na zilizo hai, na zikibaki humo huwa ndizo mwili wa dredi. Kwa hesabu ya nywele 50 hadi 100 kwa siku, mwaka mmoja hung'oa nywele kati ya takriban 18,000 na 36,000, na sehemu kubwa ya hizo ikihifadhiwa, dredi iliyoanza ikiwa kama uzi hunenepa mwaka hadi mwaka ingawa idadi ya nywele hai katika mzizi wake haijaongezeka hata moja. Nywele zilizong'oka ni akiba ya mwenye nywele haba, na kila anapochana, au anapofumua dredi changa ili zianzishwe upya kwa mistari iliyonyooka, huitupa akiba aliyoilimbikiza kwa miezi. Akiba hiyo, hata hivyo, ina masharti yake, kwa sababu nywele zilizokufa huongeza uzito unaoning'inia kwenye mzizi uleule, na hivyo suala la ukubwa wa mzizi linarudi kwa nguvu zaidi.

Hesabu ya mgawanyo inafaa kufanywa kabla ya jambo lingine lolote. Kichwa chenye nywele 80,000 kikigawanywa katika dredi 40, kila dredi hupata nywele hai 2,000. Kikigawanywa katika dredi 100, kila moja hupata 800. Na kikigawanywa katika dredi ndogondogo 400, mtindo unaopendwa kwa sababu huruhusu kubanwa na kupambwa kama nywele zisizo dredi, kila moja hubaki na nywele 200 tu. Ikiwa nywele hizo ni nyembamba kwa nusu ya kawaida, uimara wa mzizi wa nywele 200 ni sawa na ule wa nywele 50 nene, na mzizi wa namna hiyo unatakiwa ubebe dredi inayorefuka na kunenepa kwa miaka. Kichwa kikiachwa kijigawe chenyewe, mafungu machache na manene hutokea, kwa kawaida bila ulinganifu, na kila fungu huchukua eneo linaloendana na msongamano wa nywele za mahali hapo. Utosini na nyuma ya kichwa mafungu huwa mazito, na karibu na paji la uso, ambako nywele za wengi ni nyembamba zaidi, nywele nyingi hubaki huru. Anayetazama ulinganifu huliona hilo kuwa kasoro, ilhali kwa mwenye kuelewa kazi ya mzizi ni mgawanyo wa mzigo uliofanywa na nywele zenyewe kwa usahihi usiopatikana kwa kitana na kioo.

Usafi nao umezungukwa na imani potofu, hasa ile inayosema kwamba dredi hazioshwi. Nywele zenye mafuta huteleza, na zenye kuteleza hazinasani, kwa hiyo mwenye singa nyembamba anayekaa mwezi mzima bila kuosha huuchelewesha mwenyewe msokotano anaoutafuta. Kuosha kila baada ya siku tatu au nne kwa wenye singa, na mara moja kwa wiki au kwa siku kumi kwa wenye kipilipili, kwa shampuu isiyoacha mabaki na bila kondishna, ambayo kazi yake ni kuyalaza magamba ili nywele zichanike, huziacha nywele zikiwa kavu kiasi cha kushikana. Mafuta ya nazi, ambayo yana uwezo wa kupenya ndani ya unywele na kupunguza upotevu wa protini wakati wa kuosha, yanafaa kwa kiasi kidogo baada ya dredi kukomaa, au kwenye ngozi inayokauka, lakini katika miezi ya kwanza yakipakwa kwa wingi hurudisha utelezi. Mafuta ya mgando ni mabaya zaidi, kwa sababu hukaa juu ya unywele na kukusanya vumbi.

Nta inastahili kutajwa peke yake kwa kuwa ndiyo inayouzwa zaidi kwa wenye nywele nyembamba. Nta ya nyuki huyeyuka kwenye joto la nyuzi 62 za Selsiasi au zaidi kidogo, joto ambalo hakuna ngozi ya binadamu inayoweza kulivumilia, na maana yake ni kwamba nta ikishaingia ndani ya dredi haitoki tena kwa maji ya kuogea. Inazishika nywele kwa kuzigandisha bila kuzisokota, hivyo dredi huonekana imekwisha kuwa dredi huku ndani yake nywele zikiwa zimelala sambamba, zimezibwa zisisuguane. Kadiri vumbi na ngozi iliyokufa vinavyonata juu yake, ndivyo uzito unavyoongezeka na rangi inavyofifia. Jeli ya mshubiri, inayotoka kwa maji, ina madhara madogo kuliko nta, lakini hata hiyo haina kazi kubwa kwa mtu aliyechagua kusubiri.

Kukausha ni nusu ya kuosha. Unywele peke yake unaweza kunyonya maji yanayokaribia asilimia 30 ya uzito wake, na dredi hubeba maji mengine katika nafasi zilizomo kati ya nywele, kwa hiyo dredi ndefu iliyolowa huwa na uzito mkubwa kuliko ikiwa kavu, na uzito huo hushuka juu ya mzizi wakati ambapo unywele, kwa kulowa, umelegea na unavutika. Mwenye nywele nyembamba anashauriwa kuzikamua kwa taulo bila kuzining'iniza wala kuzibana juu zikiwa bichi, na kuosha kichwa asubuhi ili jua na upepo vifanye kazi yao kabla ya kulala. Katika hewa nzito ya pwani, kuanzia Tanga hadi Mtwara na kuanzia Lamu hadi Mombasa, dredi nene zinazolaliwa zikiwa na majimaji hupata harufu na hata ukungu wa ndani ambao haufikiki kwa sabuni. Hapa tena wembamba ni neema, kwa kuwa dredi za nywele nyembamba, maadamu hazijajazwa nta, hukauka upesi.

Kazi ya mkono katika njia ya asili ni ndogo, lakini ipo. Kila baada ya kuosha, nywele zikiwa zinaelekea kukauka, mwenyewe hupitisha vidole karibu na ngozi na kuyatenga mafungu yanayoanza kuungana, akianzia kwenye mzizi na kuvuta polepole kila fungu upande wake. Asipofanya hivyo, nywele zilizosongamana zinaweza kuwa bapa moja kubwa linalovuta ngozi kila kichwa kinapogeuka. Uamuzi muhimu zaidi ni wa kutotenganisha, kwani mafungu mawili yenye mizizi midogo yakikutana, busara ni kuyaachia yawe dredi moja, na dredi iliyokonda katikati iungane na jirani yake kabla haijakatika. Zaidi ya hayo, kitambaa laini cha kulalia hupunguza mabaki ya pamba na sufu yanayonata kwenye nywele, na kilemba kinachovaliwa nje kisikazwe kwenye paji la uso.

Hatari ambayo tahadhari hizi zinaikwepa ni kunyonyoka kwa nywele kunakosababishwa na mvuto wa muda mrefu. Folikili inayovutwa kila siku huvimba, hutoa unywele mwembamba kuliko wa awali, kisha, mvuto usipokoma, hugeuka kovu na kuacha kabisa kuotesha, na hapo hakuna mafuta wala dawa ya dukani inayoirudisha. Hali hiyo ilielezwa na waganga mwanzoni mwa karne ya 20 miongoni mwa wanawake wa Greenland waliokuwa wakizifunga nywele zao kwa kuzikaza, jambo linalothibitisha kwamba chanzo chake ni mkono wa binadamu na haikuletwa na aina ya nywele. Katika tafiti zilizofanyika Cape Town na kuchapishwa mwaka 2007, daktari wa ngozi Nonhlanhla Khumalo na wenzake waliikuta kwa takriban theluthi moja ya wanawake watu wazima waliochunguzwa, na kwa takriban asilimia 17 ya wasichana wa shule. Dalili zake za mwanzo zinajulikana na kila aliyewahi kusukwa: maumivu ya usiku wa kwanza, vipele vidogo kwenye kingo za nywele, na ngozi inayong'aa kwa kukazwa. Katika saluni dalili hizo huchukuliwa kuwa bei ya kawaida ya kupendeza, na wahenga walikwisha kuonya kwamba penye urembo ndipo penye urimbo.

Biashara ya saluni ina nafasi yake katika mtego huo. Dredi za saluni husokotwa upya kwenye mizizi kila baada ya wiki mbili hadi sita, na msusi hupata riziki kwa marudio hayo; mteja naye, akiona nywele mpya zimechomoza na kutawanyika, hujiona mchafu na kurudi kabla ya wakati. Kila usokotaji humkata mwenye nywele nyembamba nywele chache mahali palepale, mzizi hukonda, na dredi iliyoonekana kamilifu kwa miaka mitatu huanza kudondoka nzima nzima katika mwaka wa nne au wa tano, msusi wa kwanza akiwa ameshasahauliwa. Haitakuwa haki kumtupia msusi lawama zote, kwa sababu anauza kile kinachodaiwa, na anayekidai kwa sauti kubwa kuliko wote ni jamii inayomtazama mteja barabarani, ofisini na nyumbani kwa wakwe.

Jamii hiyo imesahau mapema mno. Wapiganaji wa Mau Mau, waliopigana na utawala wa kikoloni nchini Kenya, walioingia misitu ya Nyandarua na Mlima Kenya katika miaka ya 1950 walitoka humo na dredi ambazo hazikutengenezwa na yeyote, kwa sababu vitana na muda wa kuchana havikuwemo katika maisha yao, na picha za kiongozi wao Dedan Kimathi baada ya kukamatwa mwezi Oktoba 1956 zimezifanya nywele hizo kuwa sehemu ya kumbukumbu ya taifa la Kenya. Muthoni wa Kirima, mwanamke aliyepewa cheo cha jemadari katika jeshi hilo, alizihifadhi dredi zake tangu wakati wa vita hadi Aprili 2022, alipokubali zinyolewe na Mama Ngina Kenyatta, mjane wa rais wa kwanza wa Kenya, na alifariki Septemba 2023. Nchini Jamaika, harakati ya Rastafari iliyozaliwa baada ya kutawazwa kwa Haile Selassie kuwa mfalme wa Ethiopia mwaka 1930 iliifanya dredi kuwa alama ya imani kuanzia mwisho wa miaka ya 1940 na katika miaka ya 1950, kwa kuegemea nadhiri ya Mnadhiri katika Kitabu cha Hesabu inayokataza wembe kupita kichwani, na wapo wanaoona kwamba picha za wapiganaji wa Kenya zilichangia. Katika mapokeo hayo yote mawili dredi haikuwa mtindo wa kupimwa kwa mistari iliyonyooka. Ilikuwa matokeo ya kuacha.

Dhana kwamba nywele zilizoachwa ni dalili ya uchafu au uhuni iliimarika kwa kanuni za shule na ofisi zilizorithiwa kutoka enzi ya ukoloni, na mahakama zimeanza kuzigusa. Mwezi Septemba 2019 Mahakama Kuu ya Kenya iliamua kwamba mwanafunzi wa kike wa imani ya Rastafari aliyekuwa amezuiwa kusoma kwa sababu ya dredi zake arejeshwe shuleni, na Mei 2023 Mahakama Kuu ya Malawi ikaamua kwamba watoto wa Kirasta wapokewe katika shule za umma wakiwa na nywele zao. Hukumu hizo zimejengwa juu ya uhuru wa imani na haki ya elimu, kwa hiyo hazimlindi moja kwa moja karani au mhudumu wa hoteli anayefuga dredi kwa kupenda tu, na mwajiri anayeziruhusu dredi zilizosokotwa mizizi kila mwezi na kuzikataa zilizoachwa anaweza kujiona amekwisha kuwa mtu wa kisasa. Kwa mwenye nywele nene, ruhusa ya namna hiyo ni usumbufu wa fedha na muda. Kwa mwenye nywele nyembamba ni agizo la kuharibu kingo za nywele zake ili abaki kazini.

Zipo hoja za upande wa pili ambazo haziwezi kupuuzwa. Jikoni, hospitalini na kiwandani usafi na usalama vinadai nywele zifunikwe, na dai hilo ni halali kwa nywele za kila aina, kwa kuwa kofia au kilemba huzifunika dredi za asili sawasawa na zile za saluni. Hoja nzito zaidi ni ya kitabibu, kwani wembamba na uhaba wa nywele mara nyingine ni dalili ya jambo lingine: mwanamke aliyejifungua huweza kupukutika nywele kuanzia mwezi wa tatu hivi, homa kali na upungufu wa damu huleta hali kama hiyo, mapunye hutoa mabaka yanayohitaji dawa ya kumeza, na upara wa kurithi hupunguza nywele za utosini kwa wanaume na hata kwa wanawake. Kuanza dredi katikati ya hali hizo ni kujenga juu ya msingi unaobomoka, na mtu aonaye nywele zake zinapungua ghafla anapaswa kumwona daktari wa ngozi kabla ya kumwona msusi, hasa ikizingatiwa kwamba taaluma hiyo imekuwa ikifundishwa katika ukanda huu kwa miongo kadhaa, ikiwemo katika kituo cha mafunzo ya tiba ya ngozi kilichopo katika hospitali ya KCMC, Moshi, nchini Tanzania. Vivyo hivyo, mwenye nywele zilizowekwa dawa ya kulainisha kwa miaka mingi anafaa kusubiri nywele mpya ziote na kuzikata za zamani, kwa sababu mahali nywele hizo mbili zinapokutana ndipo zinapokatikia.

Inabaki hoja ya uzuri, nayo inahitaji kujibiwa kwa uwazi. Dredi za asili za nywele nyembamba hazitalingana, baadhi zitakuwa bapa, nyingine nene nchani na nyembamba shinani, na kwa miezi mingi kichwa kitakuwa na sura ya mtu aliyetoka usingizini. Anayeona kwamba hawezi kuishi na sura hiyo ana haki ya kuchagua kusuka kwa kulegeza, kukata nywele ziwe fupi, au kuziacha huru, na hakuna hata moja kati ya hizo iliyo duni. Asichopaswa kukubali ni kuambiwa kwamba ipo njia ya nne, ya kupata dredi nyingi, ndogo na zilizonyooka kutoka kwenye nywele nyembamba na haba, kwa siku moja na bila gharama ya baadaye, kwa sababu hesabu ya mzizi haiiruhusu.

Kutokana na hayo yote, kipimo cha mafanikio hakina budi kuhamishwa. Msusi anayestahili kulipwa vizuri ni yule anayeanza kwa kuutazama mpaka wa nywele na kuuliza unene wa nywele zenyewe, anayependekeza mafungu machache, na anayethubutu kumrudisha nyumbani mteja ambaye mizizi yake haijahitaji kusokotwa. Shule na mwajiri wana haki ya kudai usafi, ambao hupimwa kwa maji na sabuni, lakini hawana sababu ya kudai ulinganifu, ambao hupimwa kwa jicho lililozoeshwa. Na mwenye nywele nyembamba mwenyewe, anapotaka kujua kama amefaulu, asijilinganishe na picha ya saluni ya mwezi wa tatu. Ajilinganishe na kingo zake mwenyewe, azitazame baada ya miaka kumi, na ikiwa ziko pale zilipokuwa siku ya kwanza, dredi zake ni nadhifu vya kutosha.